Damu kwa Jina la Mbombo

Simu ya daktari ilimkuta Mbombo kazini Ganshoren, huko Ubelgiji, kwenye nyumba ya wazee, amepiga magoti akimvisha bibi mmoja soksi za kubana miguu. Alitoka nayo kwenye korido, akaegemea ukuta. Daktari Delvigne, wa zahanati iliyo karibu na Flagey, aliuliza kama anazungumza na Madame Mbombo mwenyewe. Mbombo akasema ndiyo. Je, pua bado inatoka damu? Na viungo, bado vinauma asubuhi? Mbombo akajibu kwamba kuna nafuu kidogo, ilhali tangu azaliwe pua yake haijawahi kumtoka damu hata tone.

Mwenye pua ya damu alikuwa nyumbani Ixelles akichambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa Graciella, wifi yake, kitinda mimba wa kwao Polycarpe, mume wa Mbombo. Alikuja kutoka Lubumbashi kwa visa ya masomo, ada ikamshinda, visa ikaisha, akabaki kwa kaka yake akimlea mtoto wao Anaïs na kupika. Na kadi ya bima ya Ubelgiji wakati ule, mwaka 2009, haikuwa na picha. Jina na namba, basi. Kwa hiyo katika familia zetu nyingi kadi moja ilizunguka nyumba nzima, na hakuna aliyeuita wizi. Kumwazima wifi yako kadi ilikuwa sawa na kumwazima chumvi, na mwanamke aliyekataa angesemwa kuanzia Matonge, mtaa wetu Wakongo, mpaka Liège. Graciella alikwenda kwa daktari kwa jina la Mbombo, akatolewa damu kwa jina la Mbombo, na namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya Mbombo.

"Sikiliza, Madame," daktari alisema. "Katika damu yako tumekuta kingamwili za aina mbaya. Kingamwili ni askari wa mwili, wanapaswa kupigana na vijidudu. Hizi zako zimegeuka, zinaushambulia mwili wako wenyewe. Zinaitwa ANCA. Tukizikuta kwa wingi huu kwa mtu mwenye pua na masikio na viungo kama vyako, tunashuku mishipa midogo ya damu imevimba na inaungua kwa ndani. Ugonjwa huu huanzia puani, halafu hushuka mapafuni na kwenye figo."

"Figo?"

"Figo zako bado ni nzuri. Ila mkojo una damu kidogo, na hicho ndicho kinachoniharakisha. Nataka ulazwe wiki hii, wachukue kipande kidogo cha figo wakipime. Nimeshaongea na hospitali. Nenda na kitambulisho chako."

Kitambulisho, tofauti na kadi ya bima, kilikuwa na picha. Mbombo aliahidi kupiga simu kesho, akarudi kumalizia soksi ya pili. Aliivisha kisigino juu, mpaka bibi yule akauliza kama ana njaa. Siyo njaa. Mwisho wa mwezi ule mkurugenzi alikuwa amsainishe mkataba wa kudumu, baada ya miaka ya kuitwa leo na kuachwa kesho. Na mtu mmoja hawezi kulala hospitalini huku anaosha wazee Ganshoren. Wangegundua siku hiyo hiyo.

Tuseme ukweli, Mbombo hakuwa mwanamke mbaya. Huyo ndiye aliyempa Graciella chumba cha mtoto na kumlaza mtoto chumbani mwao yeye na mumewe. Lakini aliogopa, na woga ukimshika mtu mzima humtafutia sababu nzuri za kufanya vibaya.

*

Jioni ile Graciella alikuwa ameketi jikoni, miguu juu ya kiti. Vidoadoa vyekundu vilikuwa vimeongezeka kwenye miundi yake. Alisema kwa sauti kubwa, kwa sababu sikio moja lilikuwa limeziba. Mbombo alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, docteur hakupigaka?"

"Alipiga."

"Alafu?"

Mbombo alifungua friji, akaifunga. "Anasema damu iko na ka-inflammation, kuvimba kwa ndani. Kidogo tu. Upumzike, ukunywe mayi mingi."

"Njo paka ile tu?"

"Paka ile tu, mutoto yangu."

Polycarpe alikuwa mezani, bado na sare yake ya ghala. Aliachia pumzi ndefu, akacheka. "Si nilisema? Ni baridi ya huku. Miye pia mwaka wa kwanza pua ilinitesa." Akasogeza sahani ya bukari, ugali wa kwao, karibu na dada yake. Graciella alicheka pia, akala kidogo, akasema nyama haina harufu, kumbe ni pua.

Sasa, kwetu habari nzito ya mwili wa mtu haitupwi hivi hivi mbele ya mgonjwa. Kwanza anaambiwa mkubwa wa familia, wanaketi, maneno yanapangwa, ndipo mgonjwa anaambiwa taratibu huku ameshikwa mkono. Mkubwa wao alikuwa tonton Kabamba, mjomba wao wa Liège, na tonton Kabamba angekuja sikukuu ya Ascension, ya Bwana kupaa mbinguni, kwenye komunyo ya kwanza ya Anaïs. Mbombo aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Alijiambia kwamba atamngoja tonton, kama inavyopaswa. Alijiambia pia kwamba kufikia hapo mkataba utakuwa umekaribia kusainiwa. La kwanza angeweza kumwambia mtu yeyote. La pili alilifahamu peke yake.

Daktari alipiga tena, mara na mara. Mbombo aliacha simu ilie ndani ya mfuko wa aproni. Siku alipopokea, alisema kwa Kifaransa chake cha adabu kwamba ameshampata daktari mwingine, anashukuru sana, asijisumbue.

"Huyo mwenzangu ameyaona majibu?"

"Ndiyo, docteur."

"Vizuri basi. Usichelewe, Madame. Nakuomba usichelewe."

Weee Mbombo! Alikata simu, akaenda chooni kunawa uso, kisha akarudi kugawa chai.

*

Siku ya komunyo walikuja watu wengi kuliko viti. Graciella alikuwa amesimama jikoni tangu asubuhi, akipika sombe, samaki wa chumvi na kuku, ingawa magoti yalimvimba kiasi kwamba alikuwa akiegemea meza ya jiko. Mbombo alimwambia akapumzike. Akajibu kwamba Anaïs ni mtoto wake pia, na komunyo ya kwanza ni moja tu.

Alipopita na sinia ya kuku, shangazi mmoja wa upande wa Mbombo alivuta sahani yake nyuma. "Aksanti, nimeshiba," alisema, na hakuwa ameonja kitu. Halafu akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono unaosikika chumba kizima: "Uyu mutoto iko anakohoa toka asubuhi. Na damu ku pua. Banampikisha chakula ya bantu?"

Graciella alisikia, hata kwa sikio moja. Akaiweka sinia mezani, akarudi jikoni. Mbombo naye alisikia. Alikuwa anamtazama tonton Kabamba, aliyekuwa kwenye kiti kikubwa akimpa Anaïs baraka na bahasha, na yeye Mbombo alipanga kumvuta tonton pembeni baada ya keki.

Keki haikukatwa. Walisikia kikohozi kirefu jikoni, halafu kitu kikianguka. Graciella alikuwa ameshika sinki, na sinki lilikuwa jekundu. Damu mbichi, nyepesi, yenye povu, ilikuwa inamtoka mdomoni kila akikohoa. Polycarpe alimdaka kwapani.

"Mupige ambulance!"

"Hapana, kaka," Graciella alisema kati ya kikohozi na kikohozi. "Batalomba papiers, makaratasi ya kukaa. Batanirudisha. Nakuomba."

"Waache walombe! Tonton, piga!"

Anaïs alisimama mlangoni na gauni lake jeupe, akilia bila sauti, mpaka mtu mmoja akamwondoa.

*

Hospitalini walimweka katika chumba cha peke yake, mlango umefungwa, kila anayeingia anavaa barakoa. Alikuwa Mwafrika, amekonda, anakohoa damu: wakashuku kifua kikuu kabla ya kitu kingine. Daktari wa figo alitoka kuzungumza nao, mwanamume mrefu mwenye macho ya kuchoka. Alisema mapafu yanavuja damu na figo zinazima, tena kwa haraka. Kuna njia mbili. Yaweza kuwa maambukizi, labda kifua kikuu kikali. Yaweza pia kuwa mwili unajishambulia wenyewe. Dawa ya njia ya pili inaulaza usingizi ulinzi wote wa mwili, na ukimpa mwenye maambukizi makali, utamuua.

"Kuna kipimo cha damu kinachoweza kutuelekeza," alisema. "Tumeshachukua damu. Lakini maabara inayosoma kipimo hicho imefungwa kwa pont ya Ascension, mapumziko ya kuunganisha sikukuu na wikendi. Majibu ni Jumatatu. Kipande cha figo siwezi kukikata sasa hivi, anaweza kuvuja damu akafa." Akawatazama mmoja mmoja. "Je, aliwahi kupimwa damu kabla ya leo? Mahali popote?"

Polycarpe alifungua mdomo, kisha akamgeukia mke wake. Kadi ilikuwa ya mke wake, neno lilikuwa la mke wake.

"Hapana," Mbombo alisema. "Hajapimwa."

Daktari alipoondoka, Polycarpe alimvuta mkono mpaka kwenye mashine ya kahawa. "Maman Anaïs, na ile examen ya damu ya ku Flagey?"

"Ile ilikuwa ka-inflammation tu. Itabasaidia nini? Unataka batufunge juu ya ka-inflammation? Kazi yangu itaisha, carte itafungwa, na Graciella watamuandikia fraude, udanganyifu, juu ya dossier yake."

Polycarpe alikuna kichwa. Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Yeye ndiye aliyeongea na daktari, yeye ndiye anayefanya kazi na wagonjwa. "Kama ni ka-inflammation tu, bon," alisema polepole. Akaingiza sarafu kwenye mashine, akampa mkewe kahawa, na Mbombo akaishika mpaka ikapoa.

Uongo wa jikoni ulikuwa umemfunga mdomo hata Polycarpe, ambaye angesema.

*

Jumamosi muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa Bukavu, jina lake Priscille. Alimsikia Mbombo akisali kwa Kiswahili kwenye benchi la korido, akaketi karibu naye, akavuta barakoa chini ya kidevu.

"Maman, wewe ni nani kwake?"

"Ni muke wa kaka yake. Miye njo namulea."

"Pole sana. Mchana huu tunamuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Figo hazitoi tena mkojo." Aliona Mbombo anafunika uso, akadhani anaogopa gharama. "Usiwaze franga, maman. Hospitali imeshaandika ku CPAS, ofisi ya misaada. Muntu asiye na papiers, kama docteur anasema ni lazima atibiwe, banalipa. Hata polisi hawaitwi. Ilikuwa haki yake tangu zamani. Hata kwa docteur wa kawaida angeweza kwenda kwa jina lake mwenyewe."

Mbombo aliinua kichwa. "Kwa jina lake?"

"Ndiyo. Hamkujua?"

Hawakujua. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza ni kujionyesha, na waliokuwa na kadi waliona hakuna haja ya kuuliza. Mbombo alitamani benchi limmeze. Kisha maneno yakatoka yote kwa mkupuo.

"Alipimwa. Dada, alipimwa! Ku Flagey, kwa docteur Delvigne. Iko ku jina yangu, alienda na carte yangu. Balipima, banaona ma-anticorps, zile kingamwili. ANCA. Alisema ni mingi."

Priscille alisimama. "Unasema ANCA?"

"ANCA."

"Na unajua neno hilo tangu lini?"

Priscille hakungoja jibu. Alikimbia, viatu vyake vya mpira vikipiga kelele sakafuni.

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Daktari Delvigne alipatikana kwa simu, akafungua zahanati mwenyewe siku ya mapumziko, akatuma majibu. Makohozi nayo yalikuwa yameshapimwa, na kifua kikuu hakikuonekana. Daktari wa figo aliyasoma majibu amesimama, akaagiza dawa palepale. Kabla alasiri haijaisha, kortizoni ilikuwa inaingia mshipani mwa Graciella. Ndipo daktari akaja kwa Mbombo na karatasi mkononi. Mbombo alikuwa tayari kwa matusi, kwa polisi, kwa lolote.

"Damu hii ilikuwa yake, una hakika?"

"Ndiyo, docteur."

Aliitazama karatasi tena. "Siku ile figo zilikuwa nzuri," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayejisemea. Akaikunja na kuondoka. Afadhali angemtukana.

*

Graciella hakufa. Mapafu yalikauka, sikio likafunguka, vidoadoa vya miguuni vikafifia vikaacha alama za kahawia. Kortizoni ilimjaza mashavu, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Figo hazikurudi. Walingoja wiki, wakangoja miezi, kisha daktari akawaambia wasingoje tena, na Graciella akaingizwa kwenye orodha ya wanaosubiri figo ya mtu aliyekufa. Polycarpe alijitolea moja ya zake. Walimpima, wakamkuta na sukari asiyoijua, wakamrudisha nyumbani na vidonge vyake mwenyewe.

Na ule mkasa wa kadi, ambao Mbombo alikosa usingizi kwa ajili yake? Watu wa bima walimwita ofisini, wakamkemea, wakamdai pesa ya ziara ya daktari na vipimo, alipe kidogo kidogo. Jina lilisahihishwa kwenye faili alasiri moja. Ganshoren hawakusikia kitu. Mkurugenzi alimsainisha mkataba, akampa mkono, akamwambia kwamba wazee wanampenda.

Tonton Kabamba alikuja kutoka Liège, akaiketisha familia sebuleni, akasimama kuzungumza. Walijua tu kwamba Mbombo aliitaja kadi; kwamba alikuwa ameshaambiwa uzito wa majibu, hawakujua. "Uyu mwanamke," alisema, akimwonyesha Mbombo, "aliacha heshima yake, aliacha kazi yake ku hatari, akasema ukweli mbele ya bazungu ili mutoto wetu apone. Bantu kama hawa bamebaki wangapi?" Watu wakapiga makofi. Yule shangazi wa sahani alipiga kuliko wote. Polycarpe alifuta machozi, akamshika mkewe bega. Mbombo aliinamisha kichwa, nao wakaona ni unyenyekevu.

Mara ngapi alitaka kusema! Alikuwa akiamka asubuhi na maneno yamepangwa mdomoni. Lakini Polycarpe angemuuliza jambo moja tu: siku ile kwenye mashine ya kahawa, ulikuwa unajua? Na baada ya jibu la swali hilo hakuona ndoa, hakuona nyumba, hakuona Anaïs akikua na wazazi wote wawili. Akanyamaza. Badala yake alihudumu. Alipika chakula kisicho na chumvi, alipima maji ya kunywa, na kila ratiba yake ilipomruhusu alimsindikiza Graciella kwenye mashine, amembebea mfuko na blanketi.

*

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mchana wa mvua. Muuguzi alimaliza kumchoma Graciella sindano mbili, mashine ikaanza kuvuta damu, na Mbombo akamfunika miguu blanketi kama kawaida yake.

"Uko na baridi, mutoto yangu?"

"Hapana." Graciella alikuwa anatazama mrija mwekundu wa damu ukipita juu ya mkono wake. "Yaya, ikala."

Mbombo akaketi.

"Docteur wa ku Flagey alikuya kuniona, wakati nilikuwa ningali ku hospitali. Weye ulikuwa ku kazi. Alikuya kulomba pardon. Anasema alipashwa kufika mpaka ku nyumba, hakupashwa kuamini téléphone." Alimeza mate. "Alilia, yaya. Mwanamke mukubwa vile, na blouse yake nyeupe ya docteur. Miye njo nilimubembeleza."

Chumba kilikuwa na watu wengine kwenye viti vyao, mmoja anasoma gazeti, mwingine amelala mdomo wazi. Mbombo akahesabu miezi. Toka majira ya joto, basi. Toka wakati ule Graciella alikuwa anajua.

"Alinipa ma-date yote alikupigia simu," Graciella aliendelea, kwa sauti ya chini, bila ukali. "Sikuulizaka. Alisema mwenyewe."

"Graciella..."

"Nilikuwa nangoja useme. Ku kitanda ya hospitali, nilikuwa nasema, leo atasema. Ku nyumba, nasema, leo. Siku tonton alisimama, batu banapiga makofi, miye nakutazama tu, nasema, sasa, sasa atasema. Ukainamisha kichwa."

"Mutoto yangu, nili... niliogopa. Kazi, na ile contrat, nilisema tonton akuye kwanza, nilisema..."

"Hapana. Usiseme." Graciella aliinua mkono wake ulio huru. "Kama unasema sasa, itabidi nikusamehe, sababu miye niko mukristu na weye uko unalia. Na miye sina nguvu ya ile kitu. Kama ungesema weye wa kwanza, kabla sijakuambia, ningeipata. Sasa sina."

Mbombo alikuwa analia kweli, machozi yanamwingia mdomoni, na hakuwa na leso. Graciella alichomoa karatasi laini kwenye kisanduku kilichokuwa pembeni, akampa.

"Kaka hajue. Hatajua kwangu miye. Anaïs iko na lazima ya mama yake." Alijiegemeza kwenye kiti, akafumba macho. "Alafu kesho kutwa usinisindikize. Na siku zingine pia. Najua njia ya bus. Enda sasa, saa ya Anaïs kutoka masomo inafika, na iko mvua."

Mbombo alisimama. Alitaka kumgusa, akatafuta mahali pa kumgusia, lakini mkono wa upande wake ulikuwa wa sindano na mirija, na ule mwingine Graciella alikuwa ameshauingiza chini ya blanketi. Akauweka mfuko kitini, karibu, ili Graciella aupate bila kuinuka. Akavaa koti, akaenda kumchukua mtoto.